Aliyetugeuza alikuwa wa humuhumu ndani

Nasikia sana kwamba dini na mila haziwezi kujirekebisha mpaka zisukumwe na watu wa nje. Mimi nimeona kinyume chake. Usharika wetu ulibishana miaka mingi kama mwanamke anaweza kuhubiri. Waliotubeza kutoka nje walitufanya tuzidi kushupaza shingo. Aliyetugeuza ni mzee mmoja, mshika dini hasa, aliyefungua Maandiko yaleyale tuliyojificha nyuma yake akayasoma mstari kwa mstari mpaka wabishi wakaishiwa maneno.

Ndiyo maana namheshimu sana John Woolman, Mkweka (muumini wa dhehebu la Kikristo la Quaker) wa Amerika ya karne ya 18. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwasihi waumini wenzake waachilie watumwa wao. Akikaribishwa, aliwalipa watumwa waliomhudumia. Hata sukari aliiacha, kwa kuwa ilitoka mashamba ya watumwa. Alifariki 1772, mwaka 1776 Wakweka wa Philadelphia wakawapiga marufuku waumini wao kumiliki watumwa.

Sheria za nchi zina kazi yake, sikatai. Ila anayeamini kwamba Mungu ndiye aliyeagiza jambo fulani humsikiliza kwanza mwumini mwenzake anayesali naye. Kwetu wanawake sasa wanahubiri, lakini baraza la wazee bado ni la wanaume watupu, na kikao kijacho nitalisema hilo waziwazi.