Waya wa Redio na Land Cruiser ya Baba

Land Cruiser FJ40 aliyoniachia baba, yenye injini ya petroli ya 2F ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2, ilinisumbua kwa jambo moja: kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikirekebishwa ikatulia kule chini Kyela, ilizidisha petroli kila nilipopanda Tukuyu kuelekea Isyonje, kwenye hewa nyepesi, na moshi ukafuka nyuma kama tanuri la matofali. Niliagiza kutoka Marekani mfumo wa nozeli zinazopulizia petroli kwa amri ya kompyuta, unaokaa pale pale pa kabureta, kwa milioni nne na ushee ukiacha ushuru, bei ambayo mke wangu anaijua nusu tu.

Kazi ya mafuta haikunisumbua. Nitasema tu kwamba mfumo huu husukuma petroli kwa mgandamizo wa baa 4 hivi, ilhali kabureta haihitaji hata nusu baa, kwa hiyo aliyenishauri nibaki na mipira ya petroli ya zamani alitaka kunichoma moto.

Umeme ndio ulionitoa jasho. Fundi mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, alinihakikishia kwamba waya wa kuamsha kompyuta huungwa popote penye umeme wa swichi, akauunga kwenye waya wa redio. "Mzee, umeme ni umeme," alisema, akapokea hela yake akaondoka. Kwa siku tatu nilizungusha stata mpaka betri ikalegea; injini ilikohoa mara moja tu, pale nilipouachia ufunguo, kisha kimya. Nilibadilisha plagi, nikasafisha platini, nikamlaumu hata muuza petroli. Mwishowe nilichukua balbu ya indiketa, nikaunga upande mmoja kwenye waya ule na mwingine kwenye hasi ya betri, nikamwambia mpwa wangu awashe. Balbu iliyokuwa iking'aa ilizimika stata ilipoanza kuzunguka, ikawaka tena alipouachia ufunguo. Kumbe swichi hukata umeme wa redio wakati wa kuwasha, na kompyuta yangu ilikuwa ikilazwa sekunde ile ile inayotakiwa kufanya kazi! Kwa balbu hiyo hiyo nilitafuta nyuma ya swichi waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa na usiozimika stata ikizunguka, nikahamia huko, na injini ikanguruma kabla mpwa wangu hajamaliza kuuliza, "Mjomba, niwashe?"

Furaha ilidumu mpaka jioni. Gari likiwa limetulia, kioo cha kompyuta kilionyesha mizunguko 700 kwa dakika, mara 3,000, mara sifuri, na injini ikaanza kupiga misi. Nilishuku kwamba umeme wa plagi unaingilia nyaya, lakini kitu kisichoonekana ningekishikaje? Hapo nikaazima redio ya betri ambayo mama husikilizia taarifa ya habari jikoni, nikaiweka kwenye masafa ya kati, mahali pasipo na kituo, nikaipitisha juu ya injini kama mganga na usinga wake. Mahali pengine ilivuma taratibu. Lakini ilipofika kwenye waya wa kusomea mizunguko, unaotoka upande hasi wa koili inayozalisha umeme wa plagi, ilitatarika kama bisi sufuriani. Fundi wangu alikuwa ameufunga pamoja na waya za plagi kwa vibanio vya plastiki, kwa unadhifu wa kupendeza kabisa. Nilivikata vyote, nikauzungusha waya ule upande wa pili wa injini, nikanunua waya za plagi zenye ukinzani badala ya zile za shaba tupu, kisha nyaya nene za kompyuta, chanya na hasi, nikazifikisha kwenye betri yenyewe badala ya ile hasi kuishia kwenye bodi ya gari. Hilo la mwisho lilikuwa limeandikwa mwanzoni mwa kijitabu, ambacho nilikuwa nimekiwekea kikombe cha chai.

Wiki iliyopita nilipanda kutoka Kyela hadi Uyole bila moshi, kwa sababu sensa ya mgandamizo wa hewa inapunguza petroli yenyewe kadiri mlima unavyopanda. Redio ya mama imerudi jikoni. Ya gari bado ni bubu, maana waya wake niliukata kwa hasira na sijui ncha ya pili ilikoingia.