Kutoka Miwa hadi Chai kwa Baiskeli

Kwa miaka mingi nilisafiri kutoka Chemelil, kwenye mashamba ya miwa ya magharibi mwa Kenya, hadi Nandi Hills, mji wa milimani kwenye chai, ndani ya matatu, na kila mara nilifika juu bila kujua nilikuwa nimepita wapi. Jumamosi iliyopita niliipanda barabara ile kwa baiskeli.

Niliondoka Mamboleo, pembeni mwa Kisumu, saa kumi na moja alfajiri. Miwani hadi Kibigori ni tambarare tupu, na mtu hana budi kujihadhari tu na matrekta ya miwa. Kurauka kwangu kulikuwa na sababu: mchana upepo hutoka Ziwa Victoria, hewa yenye unyevu ikaligonga genge la Nandi, yaani ukuta mrefu wa milima, na kupaa, na jioni mawingu huweza kumwaga mvua ya mawe inayochanachana majani machanga ya chai.

Baada ya Chemelil barabara huinuka ghafla. Nilitia gia nyepesi mapema, kwa kuwa anayebadilisha gia huku akikanyaga pedali kwa nguvu zake zote anaweza kukata cheni. Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Nandi Hills unakaribia mita 2,000. Joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, nami niliyahisi mabadiliko hayo kwenye jasho la shingoni, ambalo lilianza kuwa baridi hata kabla sijapumzika. Miwa iliachia mahindi na migomba, kisha, baada ya kona kadhaa, nikaona michai ya kwanza. Salamu nazo zilibadilika. Chini watoto waliniamkia kwa Kijaluo, "Oyawore". Huku juu mzee mmoja mchunga ng'ombe aliinua fimbo akasema kwa Kinandi, "Chamgei", nami nikamwitikia nikihema.

Kwenye kona moja niliegemeza baiskeli nikatazama nyuma. Uwanda wa Kano ulikuwa umetandazwa wote, na mbali Ghuba ya Winam iling'aa kama bati jipya. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 hupita huko chini, na nikiwa pale ndipo nilipoelewa kwa macho yangu namna Wanandi walivyoweza kuisumbua kwa muda mrefu, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905. Anayeishi juu ya genge hili huona kila kinachosogea bondeni.

Nilikunywa chai ya maziwa mjini, nikageuka kabla ya saa saba. Kushuka kulinitia hofu kuliko kupanda, kwa sababu breki zikishikwa mfululizo rimu hupata moto, na tyubu inaweza kupasuka. Nilisimama mara tatu. Mara ya pili rimu ya nyuma ilikuwa ya moto kiasi kwamba kidole hakikukaa juu yake. Niliingoja ipoe. Nilipofika Chemelil na kugeuka, wingu jeusi lilikuwa limekwisha kuifunika michai yote.