Na zile seli zenyewe?

Leo siku ya nne, na swali la mdogo wangu bado limenikaa kooni.

Tulikuwa tumemaliza kula. Akaniomba nimchangie karata za taroti, zile za kupigia ramli, achomoe moja tu. Akachomoa ya 13, Kifo. Nilivyoona uso wake umebadilika, nikaharakisha kumtuliza kwa mfano ninaowapa wanafunzi kila mwaka: mkono wa kiinitete huanza ukiwa bapa kama kasia, kisha seli zilizo katikati ya vidole hufa kwa mpango, ndipo vidole vinaachana. Tangu 1972 wanabiolojia wanakuita kufa huko apoptosisi. Kwa hiyo kifo hapa, nikamwambia, ni kuchonga.

Akanyamaza kidogo.

“Dada, na zile seli zenyewe?”

“Zenyewe vipi?”

“Zinapata nini?”

Nikamjibu kwamba zinamezwa na seli nyingine. Nilisema hivyo kweli, kwa mtu ambaye ndoa yake imevunjika mwezi uliopita. Akainuka, akaanza kukusanya vyombo.

Tangu hapo tumehama nyumba, mitihani nimeisahihisha, baba ametolewa bandeji ya jicho, na mimi niko palepale mezani. Zinapata nini? Mwanzoni nilikasirika. Natandika kitanda namjibu, naoga namjibu: seli haina moyo, haiulizi.

Jana usiku nikaitoa tena ile karata, mchoro wa Pamela Colman Smith wa 1909. Kumbe miaka yote macho yangu yalikuwa yanakimbilia jua lililo kati ya minara miwili kule nyuma. Mfalme aliyelala chini, mbele ya farasi, nilikuwa nampita tu. Askofu amesimama, msichana amegeuza uso, mtoto anamtazama Kifo bila kuogopa. Kifo kimoja, hadithi nne. Vladimir Propp, Mrusi aliyechambua ngano, aliandika mwaka 1928 kwamba tendo katika ngano hulielewi mpaka ujue limekaa wapi katika mwendo wa hadithi. Hilo nimelisoma mara nyingi, na bado nilimpa mdogo wangu mwisho akiwa yuko katikati. Mimi nilisimulia kwa upande wa mkono. Yeye alisikiliza kwa upande wa seli.

Nikampigia saa ileile.

“Hazipati kitu,” nikamwambia.

Kimya. Kisha akashusha pumzi ndefu, akacheka, kile kicheko chake cha utotoni. “Asante, dada. Kesho nichangie tena.”

Nimelala vizuri. Ila jicho la baba linatoa machozi tangu asubuhi, na anasema haumwi.