Namna nilivyomsaidia chatu aliyenasa katika gamba lake la zamani

Karibu kila aliyenishauri kuhusu chatu wetu alianza na ngozi yake, ilhali tatizo lilikuwa katika hewa ya chumba alimokaa. Ninayaandika haya kwa sababu ushauri ule ungali unapokezanwa miongoni mwa watunzaji wa nyoka, na kwa sababu ninajivunia kwamba chatu yule alipona bila mkono wa mtu kumvuta gamba hata kipande kimoja.

Ninafanya kazi katika bustani ndogo ya nyoka mkoani Dodoma, yenye kibali cha kutunza wanyamapori kwa ajili ya kuelimisha wageni na wanafunzi. Chatu ninayemzungumzia ni jike mpole, mwenye urefu unaozidi mita tatu, na kwa sababu hiyo hashikwi na mtu mmoja hata siku moja. Nyoka mwenye afya hulivua gamba lake likiwa zima. Siku kadhaa kabla ya hapo rangi yake hufifia, hukataa chakula, na macho huingia ukungu wa kijivu kinachoelekea buluu, kwa kuwa majimaji hujikusanya kati ya ngozi ya zamani na ile mpya iliyoota chini yake. Kisha macho husafika tena, na mtunzaji mgeni hudhani mambo yamekwisha, kumbe kazi yenyewe bado: gamba huvuliwa siku chache baada ya macho kusafika. Nyoka husugua midomo kwenye jiwe au gogo mpaka gamba lipasuke hapo, halafu husonga mbele akiliacha nyuma likiwa limegeuzwa nje ndani kama soksi.

Kwa chatu wetu mambo hayakwenda hivyo. Ilikuwa katikati ya kiangazi, majira ambayo upepo wa Dodoma hukausha hata udongo ulio chini ya mti, na gamba lilitoka vipande vipande. Mabaka yalibaki mgongoni, pete ya gamba kavu ikabaki karibu na ncha ya mkia, na jicho la kushoto likabaki na utando wake wa zamani. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja linaloonyesha kama kioo, nalo hupaswa kutoka pamoja na ngozi nyingine kila anapojivua. Mabaka ya mgongoni hayakunitia hofu. Lililonisumbua ni pete ya mkiani, kwa kuwa inapokauka hubana, damu ikashindwa kupita na ncha ya mkia ikafa, na vilevile lile jicho.

Mzee mmoja jirani, ambaye tunamheshimu kwa kuwa ameishi na nyoka wa porini tangu utoto wake, alikuja kumtazama. Nilimwamkia, akaitikia, akainama penye kioo kwa muda, kisha akasema, "Mpake mafuta ya nazi, mwanangu, halafu livute taratibu." Nilimshukuru kwa kufika, lakini sikufanya hivyo. Mafuta hulainisha juu tu, hayaingizi maji katika gamba lililokauka, na yakichanganyika na vumbi huacha uchafu kati ya magamba. Kijana mwingine, anayejiita mtaalamu, alinishauri nibandike utepe wa gundi kwenye jicho na kuubandua kwa nguvu. Ushauri huu ndio ulioniudhi kuliko wote. Chini ya utando wa zamani upo utando mpya, na hakuna macho ya binadamu yanayoweza kuhakikisha kwamba gundi imeshika mmoja na kuuacha mwingine. Utando mpya ukitoka kabla ya wakati wake, jicho hubaki wazi, hukauka, huingiwa na vijidudu, na nyoka anaweza kulipoteza kabisa.

Nilianza na njia inayofundishwa kila mahali, yaani kumlowesha. Mimi na mwenzangu tulimweka katika beseni kubwa lenye maji ya uvuguvugu, yasiyozidi unene wa mwili wake ili aweze kuinua kichwa bila kuchoka, na mmoja wetu alikaa naye muda wote, kwa sababu nyoka mchovu anaweza kuzama hata katika maji machache. Gamba lililainika vizuri. Mabaka yalivimba, yakawa meupe, pembe zake zikaanza kunyanyuka, nasi tukafurahi. Tulipomrudisha katika chumba chake, chini ya taa ya joto, gamba lile lilikauka upya na kushika kwa nguvu kuliko mwanzo. Tulirudia, na kila mara ilikuwa vilevile: ndani ya maji gamba lilikuwa laini kabisa, na kufikia jioni limekauka tena. Zaidi ya hayo, chatu alianza kuchoshwa na kushikwashikwa, akawa anajikunja na kutoa mlio wa onyo kila tulipofungua mlango, jambo ambalo hakuwa nalo kabla.

Hapo nikaacha kuitazama ngozi na kuanza kutazama vipimo. Kipimajoto kilionyesha tulichokusudia: upande wa joto ulikuwa kama nyuzi 32, na upande wa baridi kama nyuzi 26. Mpangilio huo ni wa lazima, kwa kuwa mwili wa nyoka hauzalishi joto la kumtosha, naye hulitafuta kwa kuhama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kipimaunyevu nilikiazima kwa mwalimu wa shule ya jirani, nacho kilinionyesha hewa kavu kupita kiasi, chini kabisa ya asilimia 50 ambayo chatu huhitaji katika siku za kawaida, achilia mbali siku za kujivua. Taa yetu ilikuwa inampa joto kwa mkono mmoja na kumnyang'anya unyevu kwa mkono mwingine. Kumwaga maji sakafuni hakukufaa, kwa sababu usiku wa Julai ni wa baridi, na nyoka anayelala juu ya sakafu baridi iliyolowa hupata maradhi ya mapafu upesi.

Ndipo nikatengeneza pango la unyevu, na hapa ndipo fahari yangu ilipo. Nilichukua pipa la plastiki lililokuwa likikaa bure stoo, nikalilaza, nikalifunga mfuniko wake na kukata mlango mmoja tu wa kumtosha chatu kupita, kisha nikasugua kingo za mlango kwa msasa mpaka zisikwaruze. Ndani nilijaza magunia ya katani yaliyooshwa kwa maji matupu na kukamuliwa yasidondoshe maji. Katani ilikuwa na kazi mbili: ilihifadhi unyevu bila kuoza haraka, na ule mkwaruzo wa nyuzi zake ulimpa nyoka mahali pa kujisugua kila alipopenya katika mikunjo. Pipa nililiweka karibu na upande wa joto ila si chini ya taa, ili hewa ya ndani iwe yenye unyevunyevu na vuguvugu kwa pamoja. Gharama yote haikufika bei ya kuku mmoja, kwa kuwa nilichonunua ni magunia tu.

Aliingia mwenyewe usiku ule ule, nasi hatukumgusa. Magunia tulikuwa tukiyabadilisha mara kwa mara, kwa sababu magunia machafu yenye maji huleta ukungu, na ngozi ya tumbo huota vidonda. Mabaka ya mgongoni tuliyakuta ndani ya magunia kidogo kidogo, na asubuhi moja tukaikuta pete ya mkia imevuka nzima. Daktari wa mifugo alimkagua, akaona ncha ya mkia ina damu na uhai. Tulimpitishia pia kitambaa cheupe mwilini kutafuta utitiri, ambao huonekana kama vichwa vya sindano vyeusi vinavyotembea na hupenda kujificha pembeni mwa macho, kwa maana utitiri nao huharibu ujivuaji. Hatukuona hata mmoja.

Jicho tuliliacha. Wapo walioniita mvivu kwa hilo, lakini nilikuwa na sababu: utando uliobaki hauumizi kwa muda mfupi, na mara nyingi hutoka na gamba linalofuata iwapo hewa imerekebishwa. Macho yalipoingia ukungu tena, tuliongeza unyevu, tukazuia wageni kumsogelea, kwa kuwa wakati huo nyoka haoni vizuri na hushtuka upesi. Gamba lilitoka zima. Nililitandaza mezani likiwa bado laini, nikakagua sehemu ya kichwa dhidi ya mwanga, na jicho la kushoto likawa na tando mbili zilizoshikana.

Wanaotunza wanyama wengine wasiichukue njia hii kama ilivyo. Kinyonga na mijusi hujivua vipande vipande kwa kawaida yao, kwa hiyo vipande peke yake si dalili ya ugonjwa. Cha kukagua kwao ni vidole, ambapo gamba kavu hubana na kukata damu. Chura hujivua ngozi na mara nyingi huila, naye hupitisha maji na hewa kupitia ngozi hiyo hiyo, hivyo mafuta anayoshauri jirani yanaweza kumuua.

Pipa sasa halitoki katika chumba cha chatu mwaka mzima, na wakati wa masika magunia yake huachwa makavu. Kila gamba linapotoka tunaangalia vitu vitatu kabla ya kumpa chakula, yaani tando mbili za macho, ncha ya mkia, na gamba la mdomoni, kisha tunaandika katika daftari kipimo cha unyevu cha siku hiyo.