Miaka 13, halafu naulizwa mbona mapema

Toronto hadi Mombasa, kwa mstari ulionyooka angani, ni kama kilomita 12,600. Ukipitia Addis Ababa huongezi hata 400: 11,500 za mwanzo ni saa 13 za shingo kupinda, kisha 1,450 za kushuka kusini, saa mbili na kitu. Tiketi isiwatishe. Unatoka asubuhi, unafika siku ya pili, lakini saa saba humo ni za jua, tofauti ya saa za huku na kule, si za ndege (nane Kanada ikiwa baridi). Na pale Bole, uwanja wa ndege wa Addis, moyo wangu ulitulia kusikia Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, moja asubuhi ni moja. Miaka 13 nimekuwa nikigeuza saa kichwani!

Kurudi ndiko kugumu. Upepo wa mbele, na Bole iko juu, zaidi ya mita 2,300, hewa nyepesi, ndege hairuki vizuri na matangi yaliyojaa. Usimwahidi mtu saa.

Hayo yote niliyajua. Nisilolijua ni zile kilomita za mwisho.

Mimi wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Nilipoondoka 2012, kutoka uwanja wa ndege hadi kwetu ilikuwa safari juu ya safari: Port Reitz, foleni ya Changamwe, Makupa, mjini, kisha feri. Siku mbaya, saa tatu. Na saa tatu hizo nilishazipangia kazi tangu angani. Nivute harufu ya dizeli na maji chumvi. Ninunue korosho za kwenye karatasi. Niteremke na ule umati, nisimame ukingoni, na ng'ambo, pale mama alipokuwa akinisubiri kila nikitoka skuli ya bweni, nilie kidogo, nijifute, ndipo niende nyumbani. Mama tulimzika 2019. Nasema tulimzika, mimi nilitazama kwenye simu.

Mpwa wangu akashika barabara ya Dongo Kundu. "Feri ya nini, mjomba? Siku hizi twazunguka huku." Daraja la Mwache, daraja la Mteza, mikoko chini, lami nyeusi, yeye anajigamba kama kayajenga mwenyewe. Dakika arubaini, tuko mlangoni.

Dada akatoka, leso kiunoni, mikono yanuka vitunguu, pilau haijatiwa motoni.

"Ee! Kaka, mbona mapema?"

Nilicheka. Kisha nikaingia chooni nikafunga mlango.

Mnaokuja Disemba, mtaambiwa Dongo Kundu ni raha, na wallahi ni raha. Lakini mwambieni dereva apite feri, hata akinuna. Mimi nilikwenda kesho yake kwa miguu, nikavuka, nikarudi, nikavuka tena. Maji yenyewe ni mita 500 hivi, hata hujapata la kuwaza mmefika. Nikabaki nimeshika ukingo, mpaka mama mmoja mwenye beseni la mabuyu akanigusa bega:

"Kama hushuki, nipishe baba."