Mkaratusi Ulionasa: Nilivyoushusha Salama Shambani Elburgon

Mwezi wa pili, kabla masika hayajafika, niliamua kuangusha mikaratusi minne ya mpakani mwa shamba letu hapa Elburgon. Kuni zilikuwa zimebaki za wiki mbili, na baridi ya huku haimsubiri mtu. Mitatu ililala pale nilipotaka. Wa nne, wenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 25 hivi, ulishuka nusu tu, kilele kikanasa kwenye mkaratusi wa jirani.

Kosa lilikuwa langu. Nilipima mdomo wa mbele, yaani lile pengo la kabari linalokatwa upande mti utakakoangukia, na mkato wa nyuma kwa makini, lakini juu sikuangalia vya kutosha kuona matawi yangepitia wapi.

Nilizima msumeno, nikarudi nyuma kwa ile njia niliyokuwa nimeifyeka mapema. Kisha nikasogea kwa pembeni kutazama kisiki. Bawaba, yaani ule ukanda wa mbao wa sentimita 6 nilioubakiza kati ya mikato miwili, ilikuwa bado imeshikilia. Nyuzi zake zilikuwa zimevutika zikawa nyeupe, nyingine zimekatika na kusimama kama bua lililopasuliwa. Upepo ukipita, shina lililia kama mlango mzito, na unga wa mbao ukadondoka kidogo kidogo. Mkaratusi mbichi umejaa maji. Uzito wote ule ulikuwa juu ya nyuzi hizo na matawi machache.

Jirani akaja mbio. "Kata huu wangu ulioushika, yote miwili itashuka pamoja."

"Hapana, mzee wangu. Huo siukati."

Ushauri huo unaua watu. Mti ulioshika umebeba uzito wake na wa mwenzake, umepinda, na hakuna ajuaye utafyatukia upande gani. Tena wewe utakuwa umeinama chini ya ule ulionasa. Kupanda juu kukata matawi ni hatari ileile. Wengine hukata shina vipande vipande kuanzia chini. Kila kipande kikitoka, mti hushuka kwa kishindo, husimama wima zaidi, na mwisho unaweza kukurudia mwenyewe.

Jua lilikuwa linazama, na watoto wa shule hupita njia ya mpakani alfajiri. Tulifunga njia pande zote mbili kwa matawi ya miiba, nikatundika kitambaa chekundu, nikapita boma kwa boma kuwaambia watu. Usiku niliamka mara tatu kusikiliza upepo. Mti kama huo hauachwi bila mlinzi.

Asubuhi, nikiwa nimesimama pembeni, nilipunguza bawaba ikabaki ukanda mwembamba upande mmoja. Tukazungusha mnyororo shinani, tukapitisha nguzo ndefu kama wenzo, tukijaribu kuuviringisha mkaratusi utoke kwenye matawi, sisi tukiwa upande ambao hautaviringikia. Mti mwembamba hutoka hivyo. Huu haukutikisika.

Ikabidi trekta. Tulifunga kebo ya chuma kwenye kitako cha mti, tukaipitisha kwenye kapi lililofungwa chini kabisa ya shina jingine zima, mita 35 nyuma ya kisiki, kisha tukaivuta kando hadi kwa trekta. Kapi ndilo lililonipa amani: kitako kingevutwa kinyume na mti ulikolalia, huku dereva akiwa pembeni, mbali kuliko urefu wa mti. Watu wote niliwarudisha zaidi ya mita 50, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama ndani ya pembe ya kebo, maana ikikatika au kapi likichomoka, humo ndimo inamochapa.

Nikainua mkono. Dereva akavuta polepole, gia ya chini kabisa. Ule ukanda ukakatika kwa mlio mmoja mkavu, kitako kikaruka kutoka kwenye kisiki, kikaburuzika hatua nne, tano, sita, kilele kikikwaruza matawi kwa kelele. Kisha kilele kikaachia, mti wote ukalala chini na ardhi ikatetema hadi miguuni pangu.

Kijana wangu alitaka kukimbilia. Nikamshika bega, nikamwonyesha juu: tawi lililovunjika, nene kama paja, lilikuwa bado linaning'inia kwenye mkaratusi wa jirani. Tulirusha kamba kwa mbali, tukalivuta likaanguka. Hapo ndipo nilipowasha msumeno nianze kukata kuni.