Msimu wa Federica, na hofu ya Mikaela

Federica Brignone, bingwa wa Italia wa skii, mchezo wa kushuka mlima kwa kuteleza juu ya theluji, amevunjika mguu. Imetokea jana, tarehe 3 Aprili 2025, na tangu hapo nyumba hii haina habari nyingine. Ilikuwa slalomu kubwa ya mashindano ya taifa ya Italia, kule Val di Fassa, mshuko wa pili, akapinduka katikati ya malango. Mguu wa kushoto: mifupa imevunjika karibu na goti, na goti lenyewe limeumia. Kombe la Dunia la skii, yaani mbio za msimu mzima zinazojumlishwa kwa pointi, lilikuwa limeshakwisha wiki moja kabla. Alikuwa amebeba kila kitu, hakudaiwa chochote na mtu, lakini akaenda kushindana nyumbani kwao. Ndivyo walivyo watu wa mchezo huu.

Mimi niko Torino, namtunza mama mmoja mwenye miaka themanini na kitu. Namwita Signora, naye huniita binti yake akiwa na furaha. Majira ya baridi televisheni yake haitoki kwenye skii, na ukikaa na mtu namna hiyo utajifunza tu, upende usipende. Mimi nimependa. Anamkumbuka vizuri mama yake Federica, Maria Rosa Quario, aliyeshinda slalomu za Kombe la Dunia miaka ile ya mwanzo ya themanini. Kwa hiyo Federica akishuka, Signora humwangalia kama mjukuu wa jirani. Akikosea humgombeza kwa sauti.

Kwa asiyeujua mchezo: slalomu kubwa ni mishuko miwili siku moja, mlima uleule, ukipinda kulia na kushoto kupita malango, yaani nguzo zilizochomekwa kwenye theluji, ila malango hupangwa upya kabla ya mshuko wa pili. Muda unajumlishwa. Wanaorudi mara ya pili ni thelathini bora tu, tena kinyumenyume, wa thelathini anatangulia na aliyeongoza anashuka mwisho. Ndiyo maana mshuko wa pili unakaza roho. Aliyeongoza anasimama juu peke yake huku wenzake wote wameshafika chini, wamekaa, wanamsubiri.

Kitu ninachokipenda kuliko mbio zenyewe ni asubuhi, kabla hawajaanza. Wanateremka taratibu kwa ubavu wakikagua malango, halafu utamwona mmoja amesimama pembeni, amefumba macho, mkono wake unapinda kushoto, kulia, kushoto, kidole kinakawia kidogo pale palipo na mtelemko mkali. Anashuka mlima mzima akiwa amesimama. Ukimkuta mtu hivyo kituo cha basi utadhani anazungumza na majini.

Msimu ulianzia Sölden, Austria, tarehe 26 Oktoba. Mikaela Shiffrin wa Marekani aliongoza mshuko wa kwanza, na sisi sote tukajua kinachokuja, maana alikuwa anakaribia ushindi wake wa mia moja wa Kombe la Dunia. Mshuko wa pili akarudi nyuma hadi nafasi ya tano. Aliyeshinda ni Federica, mwenye miaka 34, na siku hiyo akawa mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wote kuwahi kushinda mbio za Kombe la Dunia. Signora alipiga makofi kisha akaniomba kahawa, kama kwamba ni jambo la kawaida.

Novemba 30 wakawa Killington, Vermont. Kwetu ilikuwa usiku tayari. Mikaela alikuwa amefikisha 99, akaongoza tena mshuko wa kwanza, nyumbani kwao, umati umejaa pale chini. Alipobakiza malango machache akaanguka, akajigonga kwenye lango, akaishia kwenye nyavu. Kitu fulani kilimchoma ubavuni, kikapasua hadi kwenye misuli ya tumbo. Walimtoa kwa machela, akiwapungia watu mkono. Sara Hector wa Sweden alishinda, lakini sidhani kama kuna aliyelala usiku ule akimfikiria Sara.

Ninachotaka kuandika leo hasa ni kilichofuata. Mwishoni mwa Januari Mikaela alirudi, ila kwenye slalomu ya kawaida, ile ya malango ya karibu-karibu. Slalomu kubwa ina kasi zaidi na pinda zake ni ndefu. Lazima uuegemeze mwili wote upande mmoja na kuuamini ukingo wa skii moja juu ya barafu. Akasema hadharani kwamba hawezi. Mwili umepona, akili inakataa. Picha za ile ajali zinamjia akiwa mlimani. Februari, kwenye Mashindano ya Dunia huko Saalbach, Austria, ambayo ni tofauti na Kombe la Dunia, yeye akiwa ndiye bingwa mtetezi wa slalomu kubwa, hakuanza. Huyu ni bingwa wa dunia, si mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Siku hiyo Saalbach, Federica alishinda dhahabu kwa karibu sekunde nzima. Katika mchezo ambao watu hupishana kwa sehemu za mia za sekunde, hilo ni pengo la aibu kwa wengine.

Halafu Sestriere, huku kwetu Piemonte, slalomu kubwa mbili mfululizo, Februari 21 na 22. Federica alishinda zote mbili. Mikaela alianza, na ulimwona kabisa anashuka kwa breki, mwili wima, anazunguka mbali na malango. Siku ya pili hakuingia hata thelathini bora. Signora alinyamaza, jambo ambalo ni nadra. Kesho yake Mikaela akashinda slalomu, ushindi wa mia moja, na magazeti yakaandika kuhusu hilo tu. Mimi bado nafikiria zile siku mbili kabla yake. Kujitokeza mbele ya watu ukijua utakuwa wa mwisho-mwisho, kwenye kazi uliyokuwa malkia wake, mimi naona ni kazi kubwa kuliko ile mia.

Federica akashinda tena Åre, Sweden, hivyo slalomu kubwa tano kati ya tisa za msimu, pamoja na ile ya Semmering kabla ya mwaka mpya. Pamoja na hayo yote, alipofika fainali ya Sun Valley, Machi 25, alikuwa nyuma ya Alice Robinson wa New Zealand kwa pointi 20. Lara Gut-Behrami ndiye aliyeshinda mbio, Alice akaporomoka, na tufe dogo la kioo, tuzo ya bingwa wa msimu wa slalomu kubwa, likaenda kwa Federica. Lile la jumla, la mbio za aina zote, alikuwa nalo tayari, la pili maishani mwake baada ya lile la 2020.

Signora ana mpango wake: Olimpiki ya majira ya baridi ya Cortina, hapa Italia, ni Februari 2026, kwa hiyo mfupa una miezi kumi, na miezi kumi inatosha. Nimemwambia goti si mfupa peke yake. Ameniambia mimi si daktari.

Kuhusu Alice sina wasiwasi. Ana miaka 23, medali ya fedha ya Saalbach shingoni, na alishinda Sölden akiwa na miaka 17. Oktoba nitamwangalia yeye, Signora apende asipende.